Tarehe ya Kuzaliwa na Utu wa Anayeulizwa

Katika fomu za mtandaoni ambazo Mtanzania hujaza leo ili apate pasipoti, namba ya mlipakodi au mkopo wa masomo, hakuna swali linaloonekana jepesi kuliko lile la tarehe ya kuzaliwa, na pengine ndiyo maana watengenezaji wa fomu hulifikiria kidogo kuliko mengine yote. Mara nyingi hutaka lijibiwe kwa kichagua tarehe, yaani kikalenda kinachofunguka juu ya fomu, chenye siku zilizopangwa kwa wiki na mishale ya kurudi nyuma au kwenda mbele mwezi mmoja mmoja. Suala lililomo humo ni la maadili kabla halijawa la ufundi: ikiwa mtu asiyeona anaijua tarehe yake barabara, je, ni haki kumtaka aitoe kwa njia inayowezwa na macho peke yake?

Asiyeona hutumia kompyuta au simu kwa kisoma skrini, yaani programu inayotamka kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo, kama NVDA, ambayo hutolewa bure, au TalkBack, iliyomo katika simu nyingi za Android. Kikalenda kilichoundwa bila uangalifu huifanya programu hiyo itamke "kitufe" bila kusema ni kitufe cha nini, kisha "14" tupu, pasipo mwezi wala mwaka. Na kwa kuwa kikalenda hufunguka kwenye mwezi wa leo, mtu wa miaka 60 asiyewekewa njia ya kuruka miaka atabonyeza mshale wa nyuma mara zisizopungua 720 kabla ya kuufikia mwezi aliozaliwa. Linalosikitisha zaidi ni kwamba namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, hivyo mtu aliyekwisha kuiandika namba hiyo kwa vidole vyake mwenyewe hukwamishwa na kikalenda kinachomdai jambo alilolitaja mistari miwili juu.

Kosa hili lina mzizi katika dhana ya wakati. Kikalenda huugeuza wakati kuwa mahali, ukurasa wenye safu na mistari ambamo siku hutafutwa kwa jicho, ilhali wakati wenyewe hauna sura ya ukurasa. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki waliohesabu mwaka wa siku 365 kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya ambayo Makunduchi huko Unguja bado huadhimishwa kila Julai kwa Mwaka Kogwa, waliugawa mwaka huo kwa miongo, yaani makundi ya siku kumi kumi, na hesabu hiyo iliweza kukaa kichwani na kutamkwa mdomoni. Mwanatheolojia Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alishikilia kwamba kwa jamii nyingi za bara hili wakati hufanywa na matukio. Dai lake jingine, kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo katika fikra za Kiafrika, limepingwa, tena kwa haki. Lakini wazee wanaojua tu kwamba walizaliwa mwaka wa njaa fulani, au muda mfupi kabla ya Uhuru, wanaishi hadi leo, na fomu isiyokubali mwaka peke yake huwalazimisha kutaja siku ya kubuni, kama 1 Januari, ikawageuza waongo bila hiari yao.

Ipo hoja ya upande wa pili, nayo haistahili kubezwa. Tegeta jijini Dar es Salaam, kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, katika maeneo kama Tegeta Nyuki na Kibaoni, mtu hakosi steshenari ambamo kijana atamjazia fomu kwa malipo madogo. Na katika jamii inayoamini kwamba mtu ni watu, kusaidiwa si aibu, basi kuna haja gani ya kushikilia kwamba kila mmoja ajaze mwenyewe? Jibu linapatikana kwa kutazama kinachotendeka pale mezani. Mteja asiyeona hutamka kwa sauti, mbele ya wanaosubiri zamu, tarehe yake, namba ya NIDA, namba ya simu, na wakati mwingine hata nywila, kisha hana namna ya kuhakiki kama 3 imeandikwa 3 au 8, ingawa kosa likitokea ni yeye atakayehangaika kulisahihisha. Mafundisho ya dini zote mbili kubwa za nchi hii huheshimu amana, na amana ni kitu ambacho mwenyewe amechagua kumkabidhi mwingine. Siri inayotolewa kwa kukosa njia nyingine haikukabidhiwa, imechukuliwa. Kujitegemea kulikohubiriwa na Azimio la Arusha mwaka 1967 hakukuwa kuishi pasipo wenzako, kulikuwa kukataa kuishi kwa hisani yao.

Ufikivu, yaani hali ya huduma kuweza kutumiwa na kila mtu bila kujali ulemavu wake, hapa hauhitaji gharama kubwa. Visanduku vitatu vya kuandika, vyenye majina siku, mwezi na mwaka, vinatosha kwa tarehe ambayo mtu anaikumbuka. Kikalenda kibaki kuwa nyongeza kwa tarehe za karibu, kama miadi ya kliniki, nacho kiendeshwe kwa kibodi, kitamke tarehe nzima, na majina ya siku yasikatwe kuwa herufi moja, maana kwa Kiswahili siku tano kati ya saba zitakuwa J.

Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 12, inamtambulia kila mtu heshima ya utu wake, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu imekuwapo tangu mwaka 2010. Wanaotengeneza fomu za umma na za biashara wanaombwa jambo moja: kabla fomu haijafunguliwa kwa wananchi, mtu asiyeona aijaze peke yake hadi mwisho, na akishindwa, irudishwe kwa fundi.