Mwalimu Anapohama



Mhadhiri akipata kazi chuo cha ng'ambo, twanong'ona: kakimbilia mshahara. Tuiogope dhana mbaya. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, alihamia Cairo akasomesha Al-Azhar. Mwaka 1384 merikebu iliyompelekea familia yake ilizama karibu na Alexandria. Alisubiri, akaendelea kusomesha.

Hadithi ya nia tuliyoihifadhi madrasa, mfano wake ni hijra. Mshahara wa halali ni riziki, si aibu. Lakini sisi tunaoitamani safari hiyo tujiulize leo: twamwendea nani? Na haki za wazazi, mke na watoto tunamwachia nani?

Allah azitakase nia zetu. Amin.