Shindano la Mwili na Shindano la Moyo



Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho waraka wake wa kwanza, katika sura ya 9 aliwakumbusha jambo walilolijua vema. Karibu na mji wao, mahali paitwapo Isthmia, watu walikusanyika kila mwaka wa pili kutazama mashindano ya mbio na ya ngumi, na mshindi alivikwa taji ya majani tu. Mtume hakuwadharau washindani hao. Aliona jinsi walivyojizuia na kuutiisha mwili kwa ajili ya kitu kinachonyauka, akataka Wakristo wapate fundisho kwao. Basi nasi si vibaya tukijifunza kwa washindani wa siku zetu, na leo tuwatazame wale ambao mchezo wa tenisi ndio kazi yao ya kupata riziki.

Huku kwetu Bukoba na Muleba wengi wamezoea mpira wa miguu pale Kaitaba kuliko mchezo huo, kwa hiyo tuueleze kidogo. Watu wawili husimama katika uwanja wenye urefu wa meta 23.77 na upana wa meta 8.23, wavu ukiwa katikati yao, kila mmoja ameshika raketi. Huyu huupiga mpira uende upande wa mwenzake, na mwenzake asipoweza kuurudisha ipasavyo, amepoteza pointi. Mpira wa miguu una dakika zake 90 na kipyenga cha mwisho. Tenisi haina saa ya kumalizika. Huendelea mpaka mmoja ashindwe kwa hesabu ya mchezo wenyewe.

Ndiyo maana mwili hudaiwa sana. Mwaka 2010, huko Wimbledon katika nchi ya Uingereza, John Isner wa Marekani na Nicolas Mahut wa Ufaransa walicheza kwa muda wa saa 11 na dakika 5. Giza liliwaingilia mara mbili, wakamaliza siku ya tatu. Isner alishinda, na watu wakamshangilia. Lakini angalieni yaliyofuata: siku ya pili yake alipokutana na mshindani mwingine, alishindwa upesi kwa seti tatu mfululizo, maana nguvu zilikuwa zimekwisha. Hata wenye mamlaka ya mchezo walikuja kukubali kwamba mwili una mpaka wake. Tangu mwaka 2022 mashindano yote manne makubwa yana kanuni moja ya kuikata seti ya mwisho, isiendelee bila kikomo.

Mzigo wa pili hauonekani kwa macho, nao ni wa moyo. Mchezaji wa tenisi anapocheza peke yake hana mwenzake wa kumpokea akichoka. Akikosea, ana sekunde 25 tu kabla ya pointi nyingine kuanza. Katika muda huo lazima alisahau kosa lake, la sivyo litamzalia kosa lingine. Kwa miaka mingi kanuni za mashindano mengi zilimkataza mwalimu wake hata kumpa shauri mchezo ukiendelea, na ruhusa hiyo imepanuliwa katika miaka ya karibuni tu. Tena husafiri toka nchi hata nchi, tangu Januari mpaka Novemba, mbali na nyumba yake. Na fikirini hesabu hii: katika shindano la watu 128, mmoja hupokea kikombe, na 127 hurudi wameshindwa. Basi hata mchezaji hodari hulala usiku mwingi akiwa ni mtu aliyeshindwa.

Labda mtu atasema, huzuni hiyo ni ya wanaoshindwa, washindi hawaijui. Sivyo. Naomi Osaka wa Japani alishinda mashindano makubwa ya Marekani mwaka 2018, akiwa na miaka 20. Mwaka 2021, alipokuwa katika mashindano ya Ufaransa, alisema hatazungumza na waandishi wa habari, kwa ajili ya kuilinda afya ya moyo wake. Akatozwa faini ya dola 15,000. Ndipo akajitoa katika mashindano, akaeleza kwamba tangu ushindi ule wa mwaka 2018 alikuwa akipatwa na vipindi virefu vya huzuni nzito. Tangu ushindi, ndugu, si tangu kushindwa! Wako waliomlaumu kwamba ni dhaifu. Wengine walimshukuru, kwa kuwa alisema wazi jambo ambalo wengi hulificha.

Msomaji wa Biblia hatashangaa, maana habari hii aijua. Tazameni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 18 na ya 19. Eliya alishinda juu ya mlima wa Karmeli mbele ya taifa zima, na baada ya ushindi huo akakimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Je, Mungu alimtendea nini mtumishi wake? Hakumkaripia kwamba imani yake imepungua. Hakumhubiria kwanza. Alimwacha alale usingizi. Kisha malaika akamgusa, akamwonyesha mkate na maji. Eliya akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili ale, kwa sababu safari ilikuwa ndefu kuliko nguvu zake. Maneno ya kumtuma kazini yalikuja baadaye, mwili ulipokwisha kupumzishwa. Mwumbaji anaujua udongo alioufinyanga.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali. Mwaka 1962, tarehe 30 Januari, katika shule ya misheni ya wasichana pale Kashasha, katika nchi yetu hii ya Muleba, wasichana watatu walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kicheko kikaenea, wengine wakalia na kuhangaika, hata wakafikia wanafunzi 95 katika 159. Mwezi wa Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudi kwao, jambo lile likaonekana hata Nshamba, likawapata watu 217. Waganga walipima damu na kuchunguza chakula, wasione sumu wala ugonjwa wa mwili. Wataalamu waliolitazama jambo hilo baadaye wamesema kwamba kilikuwa ni kilio cha mioyo iliyolemewa, ambacho hakikupata mlango mwingine wa kutokea. Watu wa mbali husimulia habari hii kama kichekesho. Sisi tusiisimulie hivyo. Walikuwa ni watoto wetu, na hawakuwa wakifurahi.

Basi, je, Paulo na Eliya wanapingana, mmoja akifundisha kuutiisha mwili, na mwingine akilala usingizi? Hasha. Anayejizoeza anautunza mwili wake kwa ajili ya safari. Anayekataa kupumzika anaharibu kitu alichoazimwa. Lakini iko tofauti kubwa zaidi, nayo ndiyo msingi wa imani yetu. Mshindani wa uwanjani hupimwa kwa ushindi wake, na siku asiposhinda jina lake hushuka katika orodha. Sisi hatukimbii ili tupate kupendwa. Tumekwisha kupokelewa kwa neema, tangu ubatizo wetu, kabla hatujapiga hata hatua moja. Mbio zetu ni shukrani. Kwa sababu hiyo Mkristo aweza kulala jioni hali kazi haijaisha, wala asiogope kwamba thamani yake imepungua.

Je, twaishi hivyo katika sharika zetu? Yuko mwinjilisti anayepanda kilima na kushuka bonde toka mtaa hata mtaa, Jumapili akihubiri mara mbili, Jumatatu akizika, Jumanne akifundisha watoto wa kipaimara, na jioni ana migomba na kahawa yake ya kupalilia. Akisema kwamba amechoka, wengine humwambia aombe zaidi. Wako wanafunzi wanaoambiwa kila siku kwamba mtihani ukiwashinda wameiaibisha nyumba ya baba yao. Wako kina mama waliolemewa, nao huimba kwaya kwa uso wa furaha. Mtu akivunjika mguu twamchukua upesi mpaka Ndolage, wala hakuna anayemwambia kwamba mguu wake umekosa imani. Mbona moyo ukivunjika twasema hivyo?

Yatupasa, wazee wa usharika, kumpa mwinjilisti siku yake ya kupumzika na kuilinda, hata kama ni kwa kumsaidia kazi. Yatuwajibu, wazazi, kumwuliza mtoto hali ya moyo wake kabla ya kumwuliza alama zake. Na mwenye huzuni isiyoondoka tumpeleke kwa waganga, na kuomba pamoja naye, maana mambo hayo mawili hayagombani.

Tenisi yenyewe ina namna nyingine ya kuchezwa, wawili kwa wawili. Mwaka 2022, mwezi wa Julai, Angella Okutoyi wa Kenya, msichana aliyelelewa na bibi yake kwa kuwa mama yake alifariki alipomzaa, alisimama Wimbledon pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi katika fainali ya wasichana. Seti ya kwanza walishindwa, 3 kwa 6. Ya pili wakashinda, 6 kwa 4. Katika kuamua walipata 11, wapinzani wao 9. Alikuwa wa kwanza kutoka Kenya kutwaa kikombe cha vijana katika mashindano makubwa kama hayo. Mpira uliompita mmoja, mwenzake alikuwapo kuukimbilia.

Ndugu, Bwana Yesu aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili, na walipomrudia aliwaita kando wapumzike kidogo. Nasi tusimwache mtu acheze peke yake. Bwana awape nguvu za kukimbia, na usingizi mwema wakati wa kulala. Amina.