Banda la Mlimani na Banda la Mtaani: Maadili ya Mwendo wa Hiari na Mwendo wa Lazima

Utangulizi

Neno banda katika Kiswahili cha Kenya lina makao mawili. Kwa mpanda mlima, banda ni nyumba ndogo ya mbao, mawe au mabati iliyojengwa juu ya Mlima Kenya ili msafiri apate pa kulala kati ya siku moja ya mwendo na nyingine. Kwa mkazi wa Nairobi, mtaa wa mabanda ni Kibera, ni Kawangware, ni Mathare. Katika matumizi yote mawili baridi ya alfajiri hupenya kutani vilevile, na mlalaji huamka kabla ya jua ili ashike njia. Hata hivyo, mwendo wa yule wa kwanza husifiwa kuwa ushujaa, ilhali mwendo wa yule wa pili huonewa huruma au hautajwi kabisa.

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali la kimaadili lililojificha katika tofauti hiyo: je, taabu ya hiari ina fadhila ambayo taabu ya lazima haina? Hoja inayotetewa ni kwamba kipimo cha hiari, ambacho falsafa na fasihi zimekitegemea kwa muda mrefu, hakitoshi peke yake. Kinachowatenganisha watembezi hawa wawili si ujasiri wala nia, bali ni uhakika wa banda la kurejea.

Njia mbili

Njia ya mlimani hujulikana kwa vituo vyake. Apandaye kwa upande wa Naro Moru hulala kwanza Met Station, mita 3,050 juu ya usawa wa bahari. Kisha hufuata bonde la Teleki hadi Mackinder's Camp, mita 4,200. Kisha, usiku wa manane, hupanda kokoto zinazoteleza hadi Austrian Hut, mita 4,790, na kufuata mgongo wa mlima hadi kilele cha Lenana, mita 4,985, jua linapochomoza. Wengine hawarudi walikotoka, bali hushuka upande wa pili hadi Shipton's Camp na Old Moses. Kila kituo kina jina, kina kimo, na kimetiwa katika ramani.

Njia ya mtaani haina ramani ya namna hiyo, ingawa waipitao kila alfajiri ni maelfu. Wakazi wa Laini Saba, Soweto na Silanga huandama reli kuelekea eneo la viwanda. Wale wa Kawangware hukata Lavington na Kilimani, wakipita kando ya nyua ambamo baadhi yao ndio watunza bustani, wapishi na walinzi. Matatu ya namba 46 ipo, lakini nauli yake ni unga wa jioni, na mvua inaponyesha nauli hupanda. Ni jambo la kuzingatia kwamba Kibera yenyewe iko juu kuliko Chamonix, mita 1,035, na Zermatt, mita 1,608, miji ya Ulaya ambayo njia ya kutoka banda hadi banda baina yake imeandikiwa vitabu vingi. Mtu aliyezaliwa Kibera huanza siku yake juu ya mahali ambapo wapandaji hao huanzia safari, wala hapana anayemwita mpandaji.

Njia hizi mbili zina mwaka mmoja wa kuzaliwa. Mwezi Mei 1899 reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi. Tarehe 13 Septemba mwaka huo huo Halford Mackinder, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, alifika Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya. Msafara wake ulitegemea wapagazi: Waswahili 66 na Wakikuyu 96. Waswahili wawili waliuawa walipotumwa kutafuta chakula. Majina ya Wazungu watatu yamebaki katika kila kitabu cha mlima. Wapagazi wamebaki kuwa idadi. Hapa ndipo inapoanza desturi ya usimulizi ambayo mhakiki hana budi kuitilia shaka: aliyechagua mwendo hupewa jina, na aliyeajiriwa au kulazimishwa kwenda mwendo ule ule, juu ya mawe yale yale, huhesabiwa.

Msamiati na methali

Lugha nayo imekwisha kutoa hukumu zake. Kutembea ni kwenda kwa miguu, na vilevile ni kuzuru watu na kujiburudisha. Kusafiri kuna heshima. Kuzurura kuna lawama. Tendo la viungo ni moja. Kinachobadilika ni hadhi ya mtendaji machoni pa amtazamaye. Uzururaji haukuishia kuwa neno la kukemea watoto, kwani katika sheria za Kenya ulikuwa kosa hadi sheria iliyohusika ilipofutwa mwaka 1997. Mtu aliweza kushtakiwa si kwa alilolitenda njiani, bali kwa kutoweza kueleza kwa nini yupo njiani.

Methali za Kiswahili hufuata kipimo kingine. Mtembezi hula miguu yake, husema moja, kwa kumwonya aendaye bila kupata. Mkaa bure si sawa na mtembea bure, hujibu nyingine, kwa kuwa atembeaye huenda akaokota. Methali hizi hushindana juu ya faida ya mwendo, lakini zinakubaliana katika jambo moja: hakuna kati yake inayouliza kama mtembezi alipenda kutembea. Hekima ya mapokeo hupima mwendo kwa kile kinachorudi nyumbani.

Hiari na matendo mseto

Falsafa ya Kiyunani ilichukua njia tofauti. Katika kitabu cha tatu cha maadili yake yaliyopewa jina la Nikomako, Aristotle anashikilia kwamba sifa na lawama hustahili matendo ya hiari tu. Yaliyofanywa kwa kulazimishwa hupata msamaha au huruma. Kwa mtazamo huo, mpanda Lenana anastahili sifa na mwenda kazini wa Kawangware anastahili huruma. Wasomaji wengi wa masimulizi ya safari hufuata kanuni hii bila kujua walikoitoa.

Lakini Aristotle mwenyewe anataja mfano unaovuruga mgawanyo huo. Nahodha aliyekumbwa na dhoruba hutupa shehena baharini. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayependa kutupa mali yake, na hivyo tendo linaonekana la lazima. Hata hivyo, mkono unaotupa ni wa nahodha, na uamuzi ni wake kwa wakati ule. Matendo ya namna hii ni mseto, na Aristotle anayaona kuwa karibu zaidi na hiari. Msomaji aliyekulia pwani, anayejua jahazi na kusi, haoni ugumu katika mfano huu. Mama wa Kawangware anayeiacha matatu ipite ili nauli iwe kitabu cha mtoto ni nahodha huyo huyo. Hakuichagua dhoruba, lakini amechagua atupe nini na aokoe nani. Kumwonea huruma tu ni kumnyima uamuzi huo; ni kumtendea kana kwamba yeye ni shehena na si nahodha.

Mfungwa anayerudi

Kisa cha Felice Benuzzi kinaonyesha ugumu huu kwa namna ya pekee, kwa kuwa kinaunganisha mlima na kifungo. Mwezi Januari 1943, Benuzzi na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, wafungwa wa vita wa Kiitalia katika kambi namba 354 ya Nanyuki, walitoroka ili kupanda Mlima Kenya. Walikuwa na vyuma vya kukanyagia barafu vilivyofuliwa kwa mabaki, na picha ya mlima iliyobanduliwa kutoka mkebe wa nyama. Barsotti aliugua. Batian iliwashinda, lakini Benuzzi na Balletto walifika Lenana na kusimika bendera yao. Kisha, kwa kuwa hawakuwa na nchi ya kukimbilia, walirudi kambini kwa miguu yao wenyewe. Walihukumiwa siku 28 za kufungwa peke yao, na mkuu wa kambi akazipunguza hadi 7 kwa kuthamini moyo wao wa kimichezo. Kitabu cha Benuzzi kilichotoka mwaka 1947 kimesomwa tangu hapo kama utetezi wa uhuru wa nafsi, na kusomwa hivyo ni haki yake.

Hata hivyo, huruma ya mkuu wa kambi haina budi kuwekwa katika mwaka wake. Katika Kenya ya 1943 mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba kipande, na kuacha kazi bila ruhusa kulikuwa kosa la jinai. Tendo la kutoka mahali ulipowekwa na kwenda unakotaka lilikuwa, kwa mtu mmoja, moyo wa kimichezo uliopunguziwa adhabu, na kwa mwingine utoro. Mwitalia alikuwa adui vitani. Mwafrika alikuwa kwao. Kama hiari ndiyo mama wa fadhila, basi hiari hiyo ilikuwa ikigawiwa na mtu mwingine, na aliyenyimwa hiari alinyimwa pia sifa ambayo ingetokana nayo.

Shaaban Robert aliliona jambo hili kwa upande wa pili. Katika Kusadikika (1951), Karama anapojitetea barazani husimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote ili walete faida kwa nchi yao. Safari zao zilikuwa za taabu kubwa, na walizikubali kwa moyo. Waliporudi walitiwa gerezani. Mwandishi haulizi kama wajumbe walikuwa mashujaa. Hilo msomaji analiona. Anauliza nchi gani hiyo inayowapokea warudio kwa minyororo. Uzito wa maadili umehamishwa kutoka kwa mwenda safari hadi kwa wanaomngoja.

Banda linalochomwa

Swali hilo la Shaaban Robert ndilo linalostahili kuulizwa Nairobi. Katika Going Down River Road (1976) ya Meja Mwangi, Ben na Ocholla wanajenga jengo refu liitwalo Development House, ghorofa juu ya ghorofa, mlima wa saruji ambao hawatakuwa na chumba ndani yake. Jioni hushuka, na vibanda vya kando ya mto huchomwa moto na watu wa baraza la jiji, kisha wenyewe huvijenga tena. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama picha ya umaskini na ulevi. Inaweza kusomwa pia kama hadithi ya wapandaji ambao kila wanaposhuka hawana uhakika wa kulikuta banda.

Uhalisi haujaiacha riwaya nyuma. Kibera ilitangazwa kuwa eneo la kijeshi mwaka 1918, makao ya askari Wanubi na jamaa zao; hati ya ekari 288 kwa jamii hiyo ilitolewa mwaka 2017, karibu karne nzima baadaye. Mwezi Julai 2018 matingatinga yaliangusha nyumba na shule za Kibera ili barabara ipite. Mwezi Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni iliwageuza waendao kwa miguu kuwa wahalifu kwa saa. Aliyetoka eneo la viwanda kuchelewa dakika chache, katika njia ile ile aliyoipita asubuhi bila kosa, alikutana na rungu. Kwa mpanda mlima, Austrian Hut ilikuwapo jana na itakuwapo kesho, na akichelewa, watu hutoka kumtafuta kwa taa. Tofauti ya maadili iko hapo.

Pingamizi

Huenda ikasemwa kwamba hoja hii inadunisha ujasiri wa mpandaji. Sivyo. Mlima Kenya umeua watu, na hewa nyembamba ya mita 4,000 haimchagui tajiri wala maskini. Huenda pia ikasemwa kwamba kuupamba mwendo wa maskini ni kuhalalisha umaskini wake. Pingamizi hili ni zito zaidi, kwani kumsifu asiye na nauli kwa uvumilivu wake ni njia rahisi ya kutompa nauli. Lakini hoja ya makala haya haiombi sifa hiyo. Inadai kwamba kutambua uamuzi wa mtu ni jambo moja, na kuridhika na hali iliyomlazimisha kuamua ni jambo jingine. Nahodha anaweza kuheshimiwa bila dhoruba kushangiliwa.

Mpagazi wa leo wa Naro Moru au Chogoria anauweka wazi ukweli huu. Yeye hutembea njia ya hiari kwa lazima: mgongoni ana mzigo wa mtu aliyekuja kutafuta taabu, na mbele yake ana karo ya shule. Katika mtu mmoja njia mbili zimekutana, na kanuni inayotaka sifa upande huu na huruma upande ule haijui imweke wapi.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba hiari peke yake haiwezi kuwa mizani ya mwendo, kwa kuwa hiari yenyewe hugawiwa na historia, na kwa kuwa mwendo wa kila siku wa Kibera na Kawangware ni tendo mseto lenye uamuzi ndani yake. Kwa mhakiki, jambo hili lina matokeo. Masimulizi ya safari yasiulizwe tu ni nani aliyekwenda na alivumilia nini, bali pia ni nani aliyebeba mzigo, na ni nani anayelitunza banda. Kwa jamii, matokeo ni mazito zaidi. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Lugha ya sheria ni kavu, lakini inasema jambo ambalo sifa na huruma zote mbili hulisahau: kwamba aliyetoka alfajiri, kwa hiari au kwa lazima, anadai kwanza kwamba jioni alikute banda lake limesimama.