Kudura Isiwe Kinga ya Dereva

Jioni, pale Kona ya Musa kwenye barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga, baiskeli hupita na mizigo yake: madafu yaliyofungwa kwa mipira ya tyubu huku na huku ya keria, gunia la mkaa, mtoto aliyekalishwa mbele kwenye bomba. Mwenye baiskeli hujibana ukingoni mwa lami. Akisikia mngurumo nyuma yake hushuka mchangani bila hata kugeuza shingo. Uhai wake ameukabidhi kwa mtu asiyemwona. Dereva mlevi anapomuua mtu kama huyu, amemuua aliyekwisha kutimiza wajibu wake wote.

Msibani patasemwa kwamba siku zake zilikuwa zimefika, ni kudura. Mama wa marehemu akisema hivyo, ni imani yake na subira yake, na hakuna wa kumsahihisha. Lakini akiyasema maneno hayo hayo dereva, au jamaa yake aliyetumwa kuomba kesi iishie nyumbani, anaichukua imani ya mfiwa na kuifanya kinga yake. Mwenyezi Mungu kuijua saa ya kila mja hakukumlazimisha mja mwingine kuwasha gari.

Kisingizio cha pili ni kwamba hakuwa na akili zake. Sheria ya Kenya haikikubali: kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu kinasema ulevi si utetezi, ila katika hali chache kama ya mtu aliyeleweshwa na mwingine bila kujua. Naona ni haki kabisa. Kosa lilianza mezani, angali timamu, ufunguo u mfukoni na nyumbani ni mbali, akaagiza nyingine. Mahakama ya Rufaa ilipobatilisha kanuni za alkoblo, kile kipimo cha ulevi cha barabarani, mwaka 2017, hoja ilikuwa kwamba Sheria ya Trafiki huuliza kama dereva ameshindwa kulimudu gari, haiulizi tu kiasi cha kilevi kilichomo katika pumzi yake. Kisheria hoja inasimama. Lakini swali hilo kwa mtu wa baiskeli huja limechelewa, kwa maana mara nyingi ushahidi kwamba dereva alishindwa kulimudu gari ni maiti yake yeye.

Basi anayewajibika awajibike kwa kiasi gani? Juni 2016, karibu na Kalamazoo, Michigan, dereva aliyekuwa amelewa dawa aliwaua waendesha baiskeli watano waliokuwa pamoja. Mwaka 2018 alihukumiwa kifungo cha kati ya miaka 40 na 75. Kwetu, kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki kinaweka kikomo cha miaka 10 kwa anayesababisha kifo kwa kuendesha vibaya. Sitamani tuige miaka ya Wamarekani. Ninachokiona ni kwamba binadamu wamejaribu kukipima kifo kile kile kwa vipimo vilivyoachana mno, na hakuna hata kimoja kinacholingana nacho.

Kesi ya fidia ndiyo huonyesha hilo zaidi. Mjane huulizwa: mumeo alikuwa akipata kiasi gani kwa mwezi? Muuza madafu hana hati ya mshahara, kwa hiyo mara nyingi mahakama hushika kima cha chini cha mshahara wa serikali, ikakizidisha kwa miaka ambayo angeendelea kufanya kazi, kisha ikakata sehemu ambayo angeitumia mwenyewe. Kwa kufupishiwa maisha huongezwa kiasi cha mazoea, kwa kawaida shilingi 100,000. Bima nayo kisheria haidaiwi zaidi ya milioni 3 kwa mtu mmoja. Fedha hizo sizibezi, maana watoto watakula na kusoma kwazo. Ila hakuna katika hesabu hiyo mahali ambapo dereva hutakiwa kusema: nilifanya mimi.

Hapo Sura ya An-Nisaa hunifikirisha. Kwa anayeua bila kukusudia, warithi wana haki ya diya, yaani fidia ya damu, na wanaweza kuisamehe. Lakini kafara inabaki: kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo. Msamaha wa familia hauifuti saumu ile. Kila mwenye haki husamehe iliyo yake, basi. Wazee wakikaa, bahasha ikapita, mashahidi wakaacha kufika mahakamani Kwale, wametoa pia kisichokuwa chao: usalama wa atakayepita kesho na baiskeli yake.

Tangu 2014 tuna Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa, inayoipa familia nafasi ya kusikilizwa mahakamani. Naomba nafasi hiyo itumiwe, isiwe karatasi ya kutiwa kwenye faili. Kabla hukumu haijatolewa, mama asimame aeleze ni nani aliyeuawa, kwa Kidigo akipenda, mkalimani awepo, na dereva amsikilize mpaka amalize. Kama baada ya hapo mama atasamehe, au hatasamehe, uamuzi utakuwa wake, naye hakimu ataendelea na kazi yake.