Mtani wa Katuni

Somo: Isaya 44:9–20



Isaya aliijua karakana. Ukilisoma somo letu la juma hili bila haraka utaona nabii anamfuata seremala hatua kwa hatua: anavyotandaza uzi kupima gogo, anavyochora alama, anavyopitisha randa, anavyozungusha bikari. Hata mti wenyewe anaufahamu tangu ulipopandwa na mvua ikaukuza. Hapo ndipo anapoanza kutuchekesha. Nusu ya gogo seremala anaitia motoni, anachoma nyama, anashiba, anaota moto na kufurahia joto lake. Nusu iliyobaki anaipigia magoti na kuiomba imwokoe. Nabii hamtukani yule mtu. Anamwigiza tu, tena kwa usahihi, mpaka upuuzi unajionyesha wenyewe.

Watu wenye kipaji hicho hawajaisha. Tarehe 14 Julai 2006, YouTube ikiwa bado changa, Mwingereza mmoja aitwaye Martin Billany alipandisha huko video fupi ya kuitania katuni ya Kijapani, Yu-Gi-Oh!. Video ikafuatwa na nyingine, na nyingine, kwa zaidi ya miaka kumi, chini ya jina Yu-Gi-Oh! The Abridged Series. Yeye mwenyewe alijiita LittleKuriboh. Wenye watoto wanaocheza karata za Yu-Gi-Oh! watakuwa wanamjua Kuriboh: kidubwana cha manyoya chenye nguvu 300 za kushambulia na 200 za kujikinga, karibu mnyonge kuliko wote mezani. Kazi yake kubwa ni kutupwa ili pigo lisimfikie mwenye karata. Kati ya majoka na mashujaa wote wa hadithi ile, mtu huyu alijichagulia jina la kidubwana hicho. Mimi nilimpenda kwa hilo kabla sijamsikia akisema chochote.

Katuni yenyewe ilitokana na hadithi za picha za Kazuki Takahashi, zilizochapwa katika jarida la Weekly Shōnen Jump kuanzia mwaka 1996 hadi 2004. Kijana wa shule, Yugi, mwenye nywele zilizosimama kama moto wa rangi tatu, amebeba ndani ya kidani chake roho ya farao wa Misri ya kale. Ugomvi wowote unaotokea, uwe wa urithi, wa kampuni au wa hatima ya dunia nzima, unamalizwa kwa kucheza karata. Watu wazima wenye helikopta na walinzi wanakaa chini kucheza karata na mtoto wa shule, na hakuna anayeshangaa. Mfululizo mkubwa wa televisheni ulioanza Japani mwaka 2000 ulifika vipindi 224.

Kazi ya Billany ilikuwa hivi. Anachukua kipindi cha dakika ishirini na kitu, anakikata mpaka zibaki dakika chache. Anaondoa sauti yote. Anaandika mazungumzo mapya, na hapo ndipo penye jasho, kwa sababu midomo imeshachorwa na haibadiliki: mdomo ukifunguka mara nne na kufunga, sentensi lazima iingie humo humo. Kisha anakaa mbele ya maikrofoni na kuwa karibu watu wote, mmoja baada ya mwingine. Sasa ni Yugi, sasa ni yule tajiri Kaiba mwenye kiburi, sasa babu, sasa msichana, na mara nyingine wote wanne wanagombana kwa mpigo. Baadaye anarudi kwenye kompyuta kupanga sauti juu ya picha, sekunde kwa sekunde. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video, tukimsikiliza Lufufu akiweka Kiswahili chake juu ya filamu za watu, au DJ Afro kwa jirani zetu Kenya, tunaielewa kazi hii bila kufundishwa. Msimuliaji mbovu alikuwa yule ambaye filamu yenyewe hakuitazama.

Kilichomfanya Billany achekeshe zaidi ni kitu ambacho mtazamaji wa haraka asingekiona. Kampuni ya Marekani, 4Kids Entertainment, ndiyo iliyoiingiza katuni ile kwenye televisheni za huko mwaka 2001, na katika kuiandaa kwa watoto iliisafisha. Bastola zilifutwa kwenye picha. Lakini mikono iliyozishika ilibaki pale pale, kwa hiyo unaona mabaunsa wa suti nyeusi wamemzunguka mtu na kumnyooshea vidole, naye anatetemeka. Kuna pambano moja ambalo katika toleo la Kijapani wachezaji wamefungwa miguu huku misumeno ya duara ikiwasogelea. Marekani misumeno ikapakwa rangi, ikawa visahani vya mwanga wa kichawi. Na kifo kikafutwa kabisa. Mtu asife, apelekwe kwenye ulimwengu wa vivuli. Anayezama anakwenda vivulini, anayeteketea anakwenda vivulini, wote huko huko.

Billany alichofanya ni kuwapa wahusika macho. Katika utani wake mabaunsa wanajua kwamba wameshika vidole, na mambo yale ambayo kampuni ilitarajia yapite kimya yanasemwa kwa sauti. Watazamaji walicheka kwa sababu walishaona, ila hawakuwahi kupewa nafasi ya kusema. Kuna huduma ndani ya kicheko cha namna hiyo, na sioni aibu kuiita huduma.

Maana na sisi tuna ulimwengu wetu wa vivuli. Babu amesafiri. Mama amelala. Shangazi ameenda hospitali ya Muhimbili, atarudi. Mtoto wa miaka sita anaona mabenchi yanashushwa uani, anaona turubai linafungwa, wanawake wanapika sufuria kubwa kubwa, kila mtu macho mekundu, naye anaambiwa akacheze. Tunasema tunamlinda. Nimezika watu wa kutosha kujua tunayemlinda hasa: tunajilinda sisi tusiulizwe. Katika Yohana 11 Bwana Yesu alianza kwa lugha ya upole, akawaambia wanafunzi kwamba Lazaro amelala. Walipomwelewa vibaya hakuendelea na fumbo. Aliwaambia waziwazi kuwa rafiki yao amekufa, kisha akaenda nao kwa wafiwa, akalia. Mzazi uliye na msiba ndani ya nyumba, fuata mpangilio huo. Sema, nenda naye, lia naye.

Kwenye misiba hiyo hiyo ndiko wazee wetu walikoweka dawa yao, nayo ni mtani. Mpare akifiwa Mchaga hufika. Msukuma akifiwa utamwona Mzaramo. Anaingia pale penye kilio, anavaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu alivyokuwa akitembea, anakohoa kama yeye, anawadai ndugu fedha la sivyo maiti haitoki. Wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Mgeni asiyejua anaweza kudhani ni utovu wa adabu. Lakini kwa desturi ya wengi mtani huyo huyo ndiye mwenye kazi za msiba, na jembe la kuchimbia kaburi mara nyingi hukamatwa na yeye. Anaruhusiwa kuiga kwa sababu alimjua marehemu na hatakimbia kazi. Billany naye kwa Yu-Gi-Oh! alikuwa mtani wa namna hiyo. Mtu asiyependa kitu hawezi kukaa nacho zaidi ya miaka kumi akikikata sekunde kwa sekunde.

Linganisheni na kejeli iliyo katika Marko 15. Askari wanamvika Yesu vazi la zambarau, wanasuka taji ya miiba, wanampiga kichwani kwa mwanzi, wanapiga magoti mbele yake na kumsalimu kama mfalme. Hilo pia lilikuwa igizo, lenye mavazi, vifaa na maneno yake. Wote waliokuwepo, kikosi kizima, hakuna aliyewahi kuketi miguuni pake akamsikiliza. Nadhani hao ndio Zaburi ya kwanza inatutaka tusikae nao: watu wanaocheka kitu wasichokijua na wasiotaka kukijua. Klipu nyingi zinazozunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp, za mhubiri fulani kateleza ulimi au mama fulani kacheza ibadani, ni za ukoo huo. Sekunde kumi na tano, hakuna anayejua ni wapi wala alikuwa anasema nini, na tayari tumeshacheka na kutuma mbele.

Liko jambo la haki ya mwenye mali, nisilipite. Picha alizotumia Billany hazikuwa zake, na akaunti zake zilifungwa zaidi ya mara moja kwa madai ya hakimiliki. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kusema mwaka 1994 kwamba kazi ya kejeli inaweza kuwa matumizi halali ya kazi ya mwingine, na Uingereza iliingiza ruhusa ya namna hiyo katika sheria yake mwaka 2014. Bado kila kesi hupimwa peke yake, na aliyechukua picha nyingi za mtu ana maswali mengi ya kujibu. Napenda walivyofanya vijana wengine walioifuata njia hiyo, kundi la Kimarekani la TeamFourStar, walioanza kuitania Dragon Ball Z mwaka 2008 na kufikisha vipindi 60 kabla ya kuchoka. Mwanzoni mwa vipindi vyao walitangaza kwamba hii ni kazi ya utani ya mashabiki isiyo ya faida, wakamtaja mchoraji Akira Toriyama na kampuni zenye mali, wakawaomba watazamaji waunge mkono toleo halisi. Katika Katekisimo Ndogo Luther anapoifafanua Amri ya Saba haishii kwenye kutoiba peke yake. Anatutaka tumsaidie jirani mali yake istawi. Kwaya zetu zinazorekodi tenzi na nyimbo za watu bila hata kuandika jina la mtunzi kwenye kava zingejifunza kitu kwa wachekeshaji hawa. Nalisema hili nikijua Jumapili nitatazamwa vibaya na sauti ya pili.

Mwezi Julai 2022 mwili wa Kazuki Takahashi ulikutwa ukielea baharini karibu na Nago, Okinawa. Alikuwa na miaka 60, na mwanzoni ilionekana ni ajali ya mtu aliyekwenda kupiga mbizi. Miezi michache baadaye gazeti la Stars and Stripes, linaloandikia wanajeshi wa Marekani, likaeleza zaidi. Siku ya tarehe 4 Julai mkondo mkali uliwakamata mama mmoja, binti yake wa miaka 11 na askari. Takahashi aliingia majini kusaidia kuwaokoa. Wale watatu walitoka salama, yeye hakutoka.

Mtu ambaye hadithi zake zilipakwa rangi ili watoto wa Marekani wasisikie neno kufa, alikufa majini akijaribu kumwokoa mtoto. Sitaki kumgeuza mtakatifu. Simjui alivyosali wala kama alisali. Najua tu kwamba habari hiyo haiwezi kusimuliwa kwa ulimwengu wa vivuli. Ukiondoa kifo, kitendo chake nacho kinaondoka, kama ambavyo Ijumaa Kuu ikiondolewa hatuna cha kuhubiri Pasaka.

Nimalize kwa ya nyumbani. Vijana wa usharika wameomba ruhusa ya kutengeneza mfululizo wa video fupi za katuni za kututania sisi viongozi: mchungaji, wazee wa kanisa, mhazina, na bila shaka kwaya. Baraza la wazee lilitaka kwanza kuusoma mswada na kukata yasiyofaa. Nimewaomba wasikate. Vijana, kwa upande wenu nataka jambo moja kabla hamjachora hata pua yangu: njooni mkae kwenye kikao cha baraza tangu sala ya kufungua hadi ajenda ya mengineyo, mkae na mhazina akihesabu sadaka sarafu kwa sarafu, mje kwenye ibada ya kwanza ya saa moja asubuhi ambayo wengi wenu hamjaiona miaka. Mkishatujua, tuigeni mnavyotaka, na mkitumia picha au muziki wa mtu mwandike jina lake. Wazee wenzangu, siku video zitakapoonyeshwa tukae viti vya mbele. Atakayenuna anikute ofisini Jumanne.