"Hapana Neno" Yenye Maneno Mengi



Ni mara ngapi umeulizwa, "Mama, una nini?" nawe ukajibu, "Hapana neno," huku sufuria zikigongana jikoni? Nawe baba, ni mara ngapi umeulizwa jambo, ukaongeza sauti ya redio?

Chukueni mfano wa mume afanyaye kazi Nairobi, mkewe akibaki shambani na watoto. Mume amepunguziwa mshahara. Anaona haya kusema, basi anatuma pesa kidogo, na mwisho wa mwezi haji. Mke anaona pesa zimepungua na safari pia. Moyoni anajiambia kwamba kuna mwanamke mwingine, lakini hasemi, kwa kuwa anaogopa jibu. Hakuna aliyesema uongo, na hata hivyo nyumba imeanza kubomoka. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba mke mwema hunyamaza, na kwamba mwanamume halii. Uvumilivu ni fadhila, ndiyo, lakini kumfungia mwenzako moyo si uvumilivu. Siku ile mbele ya altare hamkuahidiana chakula na nyumba tu. Mlipeana nafsi zenu. Mwenzako atakupokeaje ikiwa umejificha?

Mtazameni Bikira Maria katika arusi ya Kana. Divai ilipokwisha hakununa, hakumlaumu bwana arusi, wala hakungoja Yesu ajitambulie mwenyewe. Alitaja upungufu uliopo, kwa maneno machache, kwa yule aliyemwamini. Nasi tufanye vivyo hivyo. Badala ya kusema, "Wewe hutujali," sema, "Usipokuja naingiwa na hofu. Naomba uniambie kuna nini." Neno la kwanza ni mashtaka, na mashtaka huzaa ugomvi. La pili ni mlango uliofunguliwa.

Chagueni saa ya utulivu, watoto wakiwa wamelala. Katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, Papa Fransisko aliwahimiza wana ndoa wasikilizane kwa subira, kila mmoja akimwacha mwenzake amalize yote aliyo nayo kabla ya kutoa shauri. Na kama ulimi ni mzito, andikeni. Wanaohudhuria semina za Marriage Encounter hufundishwa kuandikiana kwa dakika 10, kisha kuzungumza kwa dakika 10. Daftari la mtoto na kalamu vyatosha.

Lakini ikiwa kila usemapo unapigwa, hilo si la kuvumilia kimya. Tafuta usalama kwanza, ukamwambie padre wako, wazee au polisi.

Wapendwa, yule mume angesema tu, "Mama, mshahara umepungua nami naona haya," mkewe angelia labda, lakini wangelia pamoja. Basi usiku huu, baada ya sala ya jioni, mwulize mwenzako, "Una nini?" Kisha keti, usikilize mpaka mwisho.

Mungu azibariki nyumba zenu.