Maiti Haulizwi Sanda

Wazee wetu walinena kwamba maiti haulizwi sanda. Avishwayo ndiyo aendayo nayo kaburini. Siku hizi, wasomaji wapenzi, sanda ya kwanza ya mtu mashuhuri hushonwa magazetini. Nayo ikiwa fupi, marehemu hana kinywa cha kulalamika.

Tarehe 2 Januari 2018 alifariki huko Salt Lake City, Marekani, Thomas S. Monson, mkuu wa Wamormoni, akiwa na umri wa miaka 90. Gazeti la The New York Times lilianza habari za maisha yake kwa kueleza kwamba aliongeza idadi ya wanawake wamisionari, lakini akakataa wasipewe upadre, wala hakukubali kubadili msimamo wa dhehebu lake juu ya ndoa za watu wa jinsia moja. Watu zaidi ya 100,000 walitia sahihi zao kudai habari ile iandikwe upya. Mhariri alijibu kwamba gazeti lilieleza kwa uaminifu mambo makubwa ya uongozi wake, ingawa alikiri kwamba utu wake ungaliweza kuelezwa vema zaidi.

Je, gazeti lilisema uongo? La. Mambo yale yalikuwa kweli, na kazi ya gazeti si kuimba sifa za wakubwa. Waliotaka yafutwe walikosea. Lakini Amri ya Nane haikatazi uongo peke yake. Tukichagua katika maisha ya mtu yale tu tunayogombana naye, tukayaweka mbele, na mengine tukayafukia, tumemwonea kwa maneno ya kweli.

Tazameni lililostahili kuwekwa mbele. Mwaka 1950, akiwa kijana wa miaka 22, Monson alifanywa askofu, cheo ambacho kwao hushikwa na mlei aongozaye waamini wa mtaa. Miongoni mwao walikuwamo wajane zaidi ya 80. Aliwazuru, na hata baada ya kuacha kazi ile aliendelea kuwazuru miaka mingi. Mtume Yakobo, alipoeleza dini iliyo safi mbele ya Mungu, aliwataja wajane na yatima. Hakutaja mabishano ya magazetini.

Hatusemi hivi ili kuficha tofauti ya imani. Mwaka 2001 Kanisa letu lilitamka wazi kwamba ubatizo wa Wamormoni si halali, nasi twashika hivyo. Lakini kosa la mafundisho halimnyang'anyi mtu haki yake. Asiyeweza kumtendea haki mtu wa dini nyingine akiwa maiti, atamtendeaje akiwa hai?

Enyi baba na mama, msiwanyoshee kidole waandishi wa New York tu. Matangani kwetu, maji ya kuoshea maiti hayajakauka, twamkumbuka marehemu kwa deni moja, kwa ugomvi mmoja wa shamba, kwa siku moja ya ulevi. Watoto wamekaa karibu, wanasikia, nao wanajifunza kushona.

Basi, kabla ya kumtaja aliyekufa, tujiulize: jambo hili ndilo lililokuwa maisha yake, au ndilo lililonichoma mimi? Hukumu ni ya Mungu, ambaye peke yake aliona siku zake zote. Sisi tumwombee rehema, na tumshonee sanda inayomtosha. Kwani yetu nayo itashonwa na wengine.